Nyama Juu ya Paneli

Nilianika nyama ya ngamia juu ya paneli ya sola. Wacha niseme mwenyewe, kabla majirani hawajakusimulia kwa namna yao. Ilikuwa nyama ya nyirinyiri, vipande vyembamba vinavyokaushwa kabla ya kukaangwa, na kule juu ya paa palikuwa na kila kitu: joto, usafi, na umbali kutoka kwa mbuzi. Nikashuka ngazi nikijipongeza, nikaenda kulala. Kulala mchana ndiyo kazi ninayoiweza bila kusimamiwa.

Paneli hiyo ndiyo iliyochaji betri ya pikipiki yetu ya umeme. Na pikipiki ndiyo iliyopeleka maziwa ya mke wangu sokoni kila asubuhi, kabla jua la Garissa halijayachachusha. Wanawake wa vibanda vya chai, wateja wake wakubwa, walikuwa wameshamwambia: "Yakichelewa tena, dada, tutatafuta mwingine."

Yalikuwa yamechelewa mara nyingi, na kila mara sababu ni mimi. Zamani tulikuwa na punda na mkokoteni. Nikamwona punda mshamba, nikamuuza kwa jirani, mama anayesambaza maji mtaani, nikaleta pikipiki ya petroli. Petroli ya kituo ikanishinda bei, nikahamia ile ya madumu inayoletwa kutoka Mandera. Sijui ilichanganywa na nini; pikipiki ikawa inakohoa kama mvuta sigara mzee. Shemeji yangu, aliyesoma kuliko mimi, akasema kuna nchi watu wanaendesha magari kwa mafuta ya kupikia. Kwetu hayo hayatoshi hata sambusa za Ramadhani.

Ndipo nikaleta hii ya umeme. Stima ya mji hupotea upepo ukivuma kidogo, kwa hivyo nikafunga na paneli. "Jua halijawahi kutuishia hapa," nilimwambia mke wangu. Aliendelea kufukiza dumu lake kwa moshi wa kuni, ili maziwa yakae bila kuchacha.

Sasa asubuhi iliyofuata kuanika ile nyama, baada ya swala, gari la kutoka malishoni likashusha maziwa. Nikayafunga kwenye pikipiki, nikawasha. Taa nyekundu ikatokea, ikazimika, kama mtu aliyeamshwa akakataa.

"Umechaji?" mke wangu akauliza.

"Jana kutwa paneli ilikuwa juani."

"Paneli, ama nini?"

Akainua macho. Nami nikainua yangu, pole pole. Kumepambazuka, na nyama imejipanga kule juu imekauka vizuri, mashallah, hakuna hata kipande kilichoanguka.

Nikampigia simu kijana wa bodaboda. Akasema yuko kwenye foleni ya petroli tangu jana jioni, vituo vimekauka, labda adhuhuri, inshallah. Adhuhuri! Hayo si maziwa tena.

Mke wangu hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alilowesha leso yake, akayafunika madumu, akakaa kando yake kama anayeuguza mtoto. "Leo wakinunua kwa mwingine," alisema, "kesho hawarudi." Nilimwona alivyochoka. Si na maziwa. Amechoka na mimi na vyombo vyangu.

Nilijua tiba iko wapi, na kwamba itaniuma. Geti la jirani, yule mama wa maji, linatazamana na paa letu. Tangu jana alikuwa akiiona ile nyama. Nilimkuta anamfunga punda kwenye mkokoteni kwenda kuteka maji. Nikasalimia. Nikauliza habari za watoto, za mbuzi, za mvua ambayo hainyeshi. Akaningoja nimalize yote, kisha akayashusha mapipa yake ya maji, moja baada ya jingine, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Kisomali, kila "p" ikigeuka "b":

"Warya, wewe bwana, jua umebatia nyama, bikibiki ukaifungisha saumu! Leta maziwa haraka. Hii bunda uliuza, soko bado inajua."