Kanda ya Marehemu Iliyonusurika Kufutwa

Juzi mjini Kitale nilikuwa nikinunua betri kwenye duka la redio la Singasinga mmoja, mama mjane kutoka Bungoma alipoweka kanda kuukuu juu ya kaunta.

"Nifutie hii, uniwekee kwaya," alisema. "Ilikuwa ya marehemu mzee wangu."

Mwenye duka akaicheza kwanza, aone kama bado ni nzima. Gitaa za roki zikanguruma, kisha mwanamume akaimba kwa sauti ya puani, akimbembeleza mbuzi wake amrudishie soksi aliyoila.

Mama akashika kifua. "Yesu! Ati mzee wa kanisa alikuwa anasikiza hii?"

"Ngoja, mama." Mwenye duka aliinua kidole. Saksafoni iliingia taratibu, tamu, ikayaacha mapigo na kuyadaka tena mahali ambapo sikutarajia. "Sikia! Huyu mtungaji anajifanya kichaa, lakini hao wapigaji ni watu wa jazi kabisa. Kuwapanga hivyo ni ufundi, bana."

Saksafoni ikamalizia kwa kulia kama mbuzi.

Mama akaangua kicheko mpaka leso ikamdondoka. Ghafla kicheko kikamkatika, macho yamemtoka.

"Alikuwa anajifungia chumbani anacheka peke yake," alisema. "Miaka yote hiyo nilidhani ananicheka mimi."

Mwenye duka aliichomoa kanda, akavivunja vidude viwili vya plastiki vya ukingo wake wa juu ili isirekodiwe tena, akamrudishia kwa mikono miwili.

Siku hizi nikicheka peke yangu, namweleza mke wangu sababu kabla hajauliza.