Mchumba Wangu Alinizimia Gari Nikiwa Njiani Gongoni

Tik. Ilikuwa sauti ndogo, kama mtu anayezima taa chumba cha pili. Ilitoka chini ya usukani, kisha injini ikanyamaza na usukani ukawa mzito mikononi mwangu. Nimesharudi nyumbani Tanga, nafanya kazi, nakula, nalala vibaya, na bado naisikia kila mtu anapobonyeza swichi. Admin, naomba unifichie jina.

Nina miaka ishirini na minane. Ni mhandisi, kampuni yetu inauza na kufunga pampu za maji ya bahari kwa watengenezaji chumvi. Mwezi uliopita nilitumwa Kenya, Gongoni, kaskazini ya Malindi, kufunga pampu mbili kwa mteja mpya. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kikazi nje ya nchi bila bosi, na nilikuwa nimeisubiri sana. Mchumba wangu, nimwite Faizi, ni mwenyeji wa Malindi ingawa anafanya kazi Mombasa. Posa ilishapokewa, harusi ilipangwa baada ya Ramadhani.

Nilitaka kukodi gari mwenyewe. Faizi akakataa. "Ukodi kwa watu baki na mimi nina binamu mwenye magari pale pale? Watu watanionaje?" Nikaona ni ukarimu, nikalichukua gari la binamu. Nilifikia kwa mama yake, mtaa wa Barani pale Malindi, kwa sababu mkaza mwana halali hotelini na nyumba ya wakweze ipo. Mama alinipokea vizuri, akaniambia neno moja tu: "Mwari haonekani onekani mjini kwa wakwe, mwanangu. Kazi ni kazi, sikukatazi, lakini rudi kabla ya magharibi. Watu wana macho."

Siku ya pili pampu ya kwanza iligoma, tukachelewa kula. Karibu na mabwawa ya chumvi, mkahawa wenye chakula cha kueleweka uko ndani ya gesti moja. Nilikwenda pale na mafundi wa mteja, tukala wali na samaki, tukabishana kuhusu vali, tukamaliza kazi jioni. Njiani kurudi Malindi niliwapa lifti akina mama wawili waliokuwa wametoka kukusanya chumvi, miguu yao bado myeupe. Mmoja wao, Mama Kadzo, alikuwa ananieleza jinsi mkwewe wa kiume anavyoogopa kuku. Tulikuwa tunacheka. Ndipo gari likazima.

Lori lililokuwa nyuma yetu lilipiga honi, likatukwepa matairi yakiwa nje ya barabara, likapita. Gari letu likajisukuma mpaka pembeni, likasimama. Nilijaribu ufunguo, kimya. Simu ikalia.

"Sasa umetulia," akasema Faizi. "Tuongee. Gesti ulikuwa na nani?"

Nilichelewa kuelewa. "Wewe ndiye uliyezima gari?"

"Nimekuuliza ulikuwa na nani."

"Faizi, nimebeba watu. Lori limekaribia kutuua."

"Basi wape simu hao watu."

Mama Kadzo aliichukua kabla sijaamua. "Haloo, baba. Sisi ni wanawake wa chumvi, tumetoka kazini, tunanuka jasho. Kwani hili gari umelifunga kamba kama mbuzi? Lifungue, watoto wana njaa."

Nilimsikia Faizi akicheka. Alicheka. Kisha injini ikakubali kuwaka.

Tulipokuwa tunakwenda, Mama Kadzo akaniuliza, "Huyo ni mumeo?"

"Bado."

"Bado," akamwambia mwenzake aliyekaa nyuma. "Anasema bado."

Barani nilikuta habari imeshafika. "Ni mapenzi," mama yake akasema huku akinimiminia chai. "Baba yake alikuwa akinifuata kwa miguu mpaka sokoni. Huyu anakufuata kwa simu." Nikampigia mama yangu mzazi. Akasema wanaume wa siku hizi hawajali hata ukilala njiani, mimi nimepata anayejali, nalalamika. Halafu akauliza, "Na wewe gesti ulifuata nini?"

Hicho ndicho kilichonichosha. Hasira ilikwisha kabla sijafika Malindi. Lakini kila ninayemweleza, hata rafiki zangu wa chuo, ananirudishia swali la Faizi.

Naye si mtu mbaya mbele za watu. Baba yangu alipofariki alikaa nasi mpaka hitima, akiwanawisha wageni mikono. Usiku wa siku ile aliyonizimia gari alinipigia tena, akaniomba radhi kwa upole. "Nilihofia, uko nchi ya watu. Ukishakuwa mke wangu sitahitaji mambo haya. Nitakuwa najua uko nyumbani."

Nilimwambia asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Asubuhi nilimrudishia binamu yake ufunguo. "Shemeji, mimi aliniomba tu nimuunganishie gari na simu yake, alione lilipo na aweze kulizima," akajitetea. "Si ni mumeo?" Siku zilizobaki nilikwenda Gongoni kwa bodaboda, sanduku la zana mapajani, jua kichwani. Pampu zote mbili zinafanya kazi.

Najua mmezoea kuulizwa hapa kama mtu aolewe au asiolewe. Hilo siliulizi. Nawauliza mliokataa ndoa ambayo mama zenu waliitaka: mliishije nao nyumba moja? Wangu hanisemeshi. Ananiwekea sahani mezani, anarudi chumbani kwake. Mwenye neno aliandike hapo chini, hata la kunisuta, nitalisoma. Ila jueni kwamba Ijumaa iliyopita mjomba wangu, yeye aliyeipokea posa, alikwenda Malindi kwa ombi langu, akaingia nyumba ile ya Barani na kuwaambia wazee kwamba sitaki tena. Stendi nilimpeleka mwenyewe.