Neno la Mshangao Mbele ya Jeneza

Juzi, nikingoja basi pale Nangurukuru, binti aliyekuwa akinimiminia chai alitazama simu yake akasema, "Wau." Neno hilo dogo la Kiingereza, ndugu msomaji, limenitia uchungu tangu utoto.

Nilisoma Njinjo, miaka ambayo darasa letu lilinuka moshi wa korosho zilizobanguliwa uani kwa jirani. Asubuhi tulifagia, tukateka maji, kisha mwalimu akatufundisha Kiingereza. Siku moja alieleza kwamba wau ni neno la mtu anayestaajabu, na kwamba lilizaliwa kwetu: Mwingereza wa kwanza kuyaona magofu ya Kilwa Kisiwani aliropoka hivyo, nchi yake ikalichukua. Darasa zima lilifurahi. Mimi nikauliza, "Nani alimsikia, mwalimu?"

Nilichapwa viboko sita, nikapigishwa magoti juani hadi adhana ya adhuhuri. Wenzangu walinibandika jina: Nani Alimsikia. Liliniganda mpaka nikaoa.

Chuoni nilifungua kamusi kubwa. Waskoti walikuwa wameliandika neno lile yapata karne tano zilizopita, huko kwao kwenye baridi, bila kuiona Kilwa. Niliunakili ukurasa, nikautunza. Sikutaka kumwandikia mwalimu barua. Nilitaka aumbuke mbele ya watu, kama nilivyoumbuka mimi.

Alifariki kabla sijamfikia, miaka mingi sasa. Lakini ukoo wake na wetu ni watani, na mtani hazuiwi kumsema marehemu hata siku ya maziko. Niliketi njiani mbele ya jeneza, nikasoma ukurasa wote, kisha nikasema, "Huyu mnayemlilia aliwafundisha uongo, na ushahidi ni huu."

Wakacheka. Ndivyo desturi inavyotaka. Nilipoapa kwamba sitanii, walicheka zaidi, hata waliokuwa wakilia. Mdogo wa marehemu alinishika bega.

"Haya mtani, umetuburudisha. Tupishe sasa, jua linawaka, na maiti hajibu."

Makaburini niliwasikia vijana wakisimuliana kisa cha yule Mwingereza, kama wasia.

Darasa lile limeanguka, jirani wa korosho hayupo, na wenzangu walionicheka wamezikwa karibu wote. Utani nao unakwisha. Mazikoni siku hizi watani hufukuzwa, wakiitwa wakorofi. Laiti mwalimu angengoja hadi leo ndipo afe. Wangenifukuza, lakini wangeniamini.