Mstari wa Kandambili wa Maman Bahati

Wakati wetu, wenzangu mliokulia Kamembe, jile ya kuogelea, ile fulana ya kuelea majini, tuliiona kwenye kalenda ya ukutani tu, imevaliwa na mzungu anayecheka. Ziwani hatukuwa nayo. Tulikuwa na Maman Bahati, beseni lake la sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, na mstari wa kandambili mchangani. Hizo ndizo zilikuwa sheria zetu za usalama siku ya mashindano ya mitumbwi, na aliyezichezea alirudishwa nyumbani mbele ya umati mzima.

Siku yenyewe ilikuja mara moja kwa mwaka, katikati ya kiangazi, shule zimefungwa na vumbi la barabara ya Mururu limetufika mpaka kwenye kope. Watu wa kisiwa cha Nkombo walivuka asubuhi na mitumbwi yao mirefu iliyopakwa rangi upya. Walikuja wakiimba, na kwa sababu ya ukungu sauti zao zilifika kabla yao. Tulikaa ufukweni tumekumbatia magoti, tukisikiliza watu wasioonekana. Nikifumba macho hata leo nausikia ule wimbo, na pamoja nao harufu ya lami ya kuzibia nyufa, moshi wa mikaratusi, na mawese yakianza kuchemka kwenye karai. Jua likipanda kidogo, ukungu uliondoka, na Bukavu ikatokea ng'ambo, mapaa juu ya mapaa. Sisi tulizaliwa huko, tukarudishwa Rwanda tukiwa wadogo. Basi Maman, mama yetu mzazi, alituonyesha kwa kidole paa la nyumba tuliyoiacha, na kila mwaka alionyesha paa lingine.

Tulikula vitu vya ajabu siku ile. Sambaza moto ndani ya karatasi ya daftari, hesabu za mtu bado zinasomeka chini ya mafuta. Muhogo wa kuchemsha. Mandazi makubwa ambayo sisi tuliyaita benye, na juisi ya ndizi kutoka kwenye kibuyu kimoja kilichopita midomo ishirini, wala hakuna aliyeumwa tumbo. Leo mtoto wangu akiona nzi ametua kwenye kifuniko cha chupa, anaomba chupa nyingine. Wavulana walipiga mpira wa majani ya migomba, wasichana tuliruka elastiki iliyokatwa kwenye mpira wa baiskeli, na wote tulikuwa tukimtazama Maman Bahati kwa jicho la pembeni, maana yeye ndiye aliyeamua nani atapanda mtumbwi.

Alikuwa mwanamke mfupi, muuza samaki, na sauti yake ilivuka ghuba bila msaada wa mashine. Wanawe watatu walikuwa wapiga kasia, nadhani ndiyo maana alijipa kazi hiyo, kwani sikumbuki mtu aliyempa. Kwanza alikunusa. "Pumua hapa!" alisema, na wanaume wenye mabega mapana waliinama mmoja mmoja wakampumulia usoni. Mwaka mmoja kijana mwenye nguvu kuliko wote alikutwa ananuka pombe ya ndizi.

"Maman, ile ni dawa ya kikohozi," kijana akajitetea.

"Basi, kikohozi yako ibakie hapa na weye."

Ukishapita pua yake, ulivua kandambili ya kushoto na kuiweka mchangani mbele yake, kwenye mstari. Kila mtu anayepanda, kandambili moja. Ukirudi, unaichukua yako. Ikibaki hata moja, kuna mtu yuko majini, na mitumbwi yote inarudi kumtafuta. Mstari ukiisha, Papa alipiga ngoma. Papa yetu alikuwa seremala mwaka mzima, lakini siku hiyo alikuwa mpiga ngoma, na ngoma yake ilimaanisha jambo moja tu: wote wamerudi, sasa tucheze. "Muntu akiachaka kiatu, atarudi kukitafuta," Maman Bahati alituambia, na sisi tuliamini hivyo kama tulivyoamini Baba Yetu uliye Mbinguni.

Mimi niliruhusiwa kupanda nikiwa na miaka kumi. Kila mtumbwi ulichukua mtoto mmoja mwepesi wa kutoa maji kwa kopo la jerikani lililokatwa, na mwaka ule wana wa Maman Bahati walinichagua mimi. Mdogo wangu Furaha, wa miaka minane, alilia siku mbili. Alikuwa na haki ya kulia, kwani kwa kutoa maji alikuwa hodari kunipita. Lakini mtumbwi mmoja, mtoto mmoja. Sheria ilikuwa hiyo.

Hapa ni lazima niseme jambo kuhusu miguu yetu. Mimi na Furaha tulikuwa na jozi moja ya kandambili, za bluu, mpya, zilizonunuliwa kwa makusudi ziwe kubwa ili zitutoshe wawili. Anayetoka kwenda dukani anavaa, anayebaki anatembea peku. Wale wa umri wangu hamshangai. Tuligombana mlangoni kila asubuhi kwa ajili ya kandambili zile, tulivutana nywele, na Maman alisema, "Batoto, nitazikatia muhogo mule!" maana yake angezikatakata azipike na muhogo, na hakuzipika. Siku ya mashindano tuligawana kwa amani: mimi nikavaa ya kushoto kwa sababu ndiyo ya kuacha kwenye mstari, Furaha akavaa ya kulia, na tukatembea hivyo mpaka ziwani, kila mmoja mguu mmoja juu ya vumbi la moto.

Nikapumua, nikaweka ya kushoto, nikapanda. Maman Bahati akageuka kugombana na mtu aliyetaka kupanda na redio. Furaha akaja mbio, akaiweka ya kulia pembeni ya ile yangu, akarukia nyuma ya mtumbwi. Wapiga kasia walimwona, wakacheka, wakamwacha. Mimi pia nilicheka. Maman Bahati aliporudisha macho kwenye mstari, aliona jozi nzima ya bluu, akadhani zote mbili nimeziacha mimi, akasema kwa sauti kwamba yule mtoto wa seremala hajui hata kushoto ni wapi.

Sitaisahau raha ya dakika zile. Maji yalikuwa laini, kasia zote ziliingia pamoja, na mimi na Furaha tulipokezana kopo tukiwa tumelowa mpaka kifuani. Ufuko ulikuwa mbali, watu wadogo wa rangi rangi wakipunga vitenge. Nilidhani maisha yote yatakuwa vile, kuteleza tu kati ya milima miwili huku watu wazima wakikuimbia.

Tulikuwa wa pili. Tulipowapita walioongoza, kijana wa mbele alisimama kuwatania, na sheria ilisema hakuna kusimama. Upepo wa upande wa kisiwa cha Ijwi ulikuwa umeanza. Mtumbwi ukainama, wote tukaegemea upande uleule, na nikaona anga, halafu nikaona kijani cha maji.

Mitumbwi mitatu ilikuja kutuokota. Kila mmoja ulichukua waliokuwa karibu, na kila mmoja ukafika ufukweni mahali pake. Nilitapika maji. Nilitetemeka meno yakigongana. Watu walikimbilia mstari kuchukua kandambili zao, wengine wakicheka kwa woga, na Maman Bahati akanishika bega: "Vaa kambambili yako, mutoto. Haraka, nione mustari inaisha!"

Nikavaa. Nikavaa zote mbili, ya kushoto na ya kulia. Na nitasema ukweli, kwa nukta moja nilifurahi. Miguu ilikuwa baridi, kandambili zilikuwa na joto la jua, na zilikuwa zangu mimi peke yangu bila kugombana na mtu. Mstari ukaisha. Papa akaanza kupiga ngoma.

Maman alikuja na kitenge chake, akakifungua kwa mikono yote miwili, upana wa watoto wawili, kwa sababu hakutuona ufukweni na alijua tabia zetu. Akanifunika. Upande mmoja ukabaki mtupu. Akatazama miguu yangu, nami nikaitazama, na hapo ndipo nilipopiga kelele ambayo Kamembe nzima iliisikia: "Furaha iko mu maji!"

Ngoma ikakatika. Papa aliangusha vijiti, akaingia majini na suruali yake ya kanisani. Mtumbwi wetu uliopinduka ulikuwa umekokotwa na mkondo, pole pole, kuelekea pale ziwa linapoanza kuwa mto Rusizi, na hakuna aliyekuwa akiutazama. Wana wa Maman Bahati walipiga kasia kuliko walivyopiga kwenye mashindano. Walimkuta Furaha upande wa pili wa mtumbwi, ameng'ang'ania kamba kwa mikono miwili, midomo ya bluu, macho wazi. Ilibidi wamfungue vidole kimoja kimoja.

Tangu siku ile mimi nikawa shujaa. Kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye matanga ya Papa, mtu husimama akaeleza jinsi mtoto wa miaka kumi alivyomkumbuka mdogo wake wakati watu wazima wote wanacheza ngoma. Nilipewa kuku. Maman Bahati, aliyelia mpaka akapoteza ile sauti yake kwa mwezi mzima, alibadilisha sheria mwaka uliofuata: asiye na jozi yake mwenyewe hapandi. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nilivaa zote mbili. Na mimi nilikaa kimya, miaka na miaka, nikila sifa ambayo haikuwa yangu.

Mwaka huu Furaha alikuja kutoka Kigali kutazama mashindano, maana binti yangu Keza, wa miaka kumi na sita, anapiga kasia katika mtumbwi wa wasichana. Mambo yamekuwa mambo. Kuna askari wa majini wenye boti ya injini, kuna orodha ya majina, kuna kipimo cha pombe unachopulizia bila kumwinamia mtu, na jile za rangi ya machungwa kwa kila mmoja. Keza alinung'unika kwamba jile inaficha maandishi ya fulana yake na kwenye picha ataonekana mnene. Enzi zetu tulitafuta kitu cha kuelea nacho; wao wanatafuta namna ya kukilegeza wasionekane wanene! Furaha alimfunga kamba zote tatu, akazivuta mpaka mtoto akaguna, halafu akamsimulia, kwa mara ya mia, jinsi mimi nilivyomwokoa. Keza akaitikia kwa adabu akiangalia simu, akaenda zake.

Tukabaki wawili kwenye mchanga, na sambaza kati yetu. Ukungu ulikuwa bado haujaisha. Sijui ni nini kilichonisukuma, labda ni kule kuona mkono wake ukivuta zile kamba.

"Furaha, ile siku nilivaa kambambili zote mbili."

"Najua, Yaya," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu mimi ndiye mkubwa.

"Hapana, sikia vizuri. Nilifurahi. Nilifurahi mbele, kisha ndiyo nikakukumbuka weye."

Akatafuna kwanza, akameza. Nilimtazama kidevu, sikuweza kumtazama macho.

"Nilisikia ngoma ya Papa kule mu maji," akasema. "Nikajua mustari imeisha. Nikasema, oho, Yaya amevaa na yangu." Akaanza kucheka. "Nilikasirika, Yaya! Nilikasirika mpaka nikasahau kuogopa. Mikono ilikuwa imechoka, nilikuwa karibu kuachia. Nikasema, siwezi kufa huyu abakie na zote mbili."

Nilicheka na kulia pamoja, na wauza chai wakatugeukia. Furaha akanifuta uso kwa kona ya kitenge chake, kwa nguvu, kama anavyofuta watoto wake, akaniambia ninyamaze, askari anaita majina.

Kweli alikuwa anaita, kwa kipaza sauti, jina moja moja. Aliposoma la Keza, mwenyewe akajibu "présente!" bila hata kugeuka, na nikashukuru Mungu kwa karatasi ile, kwa boti ile na kwa kila kamba ya jile ile. Hakuna mtoto wa leo atakayesahauliwa kwa sababu ya kandambili. Keza ana jozi tano mlangoni, za kwake peke yake. Asubuhi anachagua anazotaka na kutoka taratibu, hana wa kuvutana naye nywele, na nyumba yangu ina ukimya ambao mimi na Furaha hatukuwahi kuujua.