Mama Mkwe Anataka Nikiri Nilimchafulia Wifi Cheti Chake

Admin, jina langu lifiche, lakini mji usiufiche. Wa Same watakaonijua wanijue tu, sijaiba.

Nina miaka ishirini na sita, nimeolewa, nina watoto wawili. Mkubwa, Neema, yuko chekechea, mdogo bado ananyonya. Niliishia kidato cha nne, nikasoma kompyuta kidogo. Nafanya kazi kwenye steshenari karibu na stendi: natoa kopi, nachapa barua, nawatumia watu maombi ya chuo na ya ajira mtandaoni. Mdogo alikuwa anabaki na mama mkwe, tunaishi naye. Nasema "alikuwa" kwa sababu hapo ndipo penye shida yangu.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, amemaliza kidato cha nne huko kwao Suji, kijijini milimani, na amefaulu vizuri. Alipoteremka kuja kuomba chuo cha uuguzi, mama mkwe alimleta mwenyewe dukani, amevaa kitenge cha kanisani kabisa. Dukani watu walikuwa wamejaa. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi. Nikawasha kompyuta, nikafungua tovuti ya chuo, ikaja alama nyekundu na maandishi. Sasa mama mkwe ndiye msomaji wa matangazo kanisani. Akasogea, akasoma kwa sauti ile ile ya matangazo: "Tovuti hii si salama. Cheti chake si halali."

Duka zima likageuka kumtazama wifi.

"Chake? Cha nani? Cha mwanangu?"

"Hapana mama, si cha wifi. Ni cha tovuti."

"Tovuti ilisoma wapi hadi iwe na cheti?"

Watu wakacheka. Mzee mmoja aliyekuwa anasubiri kopi akadakia, "Kumbe siku hizi mashine inawaumbua wenye vyeti feki papo hapo!" Wifi akaanza kulia.

Jamani, kwa msiojua: tovuti ya kweli ina cheti cha usalama, ni kama kitambulisho chake. Kinaiambia kompyuta kwamba hapa ni chuoni kweli, siyo kwa tapeli. Kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yetu ni ya zamani, betri yake ndogo ya ndani inayotunza saa imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika inaamka ikidhani tuko miaka ya nyuma. Ikikiangalia cheti inaona hata hakijaanza kutumika, inakikataa. Dawa yake ni kurekebisha tarehe na saa, halafu unafungua ukurasa upya. Ndivyo nilivyofanya, ile nyekundu ikaondoka, maombi ya wifi yakaenda. Kuna sehemu pale chini ya kulazimisha kuendelea hivyo hivyo. Siibonyezi kwenye ukurasa unaoomba namba za vitambulisho na maneno ya siri ya watu, hata mteja anitukane. Kama tarehe iko sawa na bado inakataa, namwambia arudi kesho, tatizo liko kwa wenye tovuti.

Lakini kabla wifi hajapanda gari la kurudi Suji, maneno yalishafika: binti wa fulani ana cheti feki. Mama mkwe akanigeukia mimi. Eti nina wivu kwa kuwa mimi sikufika chuo, nimebonyeza makusudi kumwaibisha mwanawe.

Jumapili tulipotoka ibadani, tunakula makande, nikaamua kumwonyesha. Nikachukua simu yangu, nikarudisha tarehe nyuma miaka mingi, nikafungua tovuti ile ile. Likaja onyo lile lile. Nilifurahi jamani!

"Umeona mama? Wifi hayupo hapa wala cheti chake hakipo, na bado maandishi yamekuja. Ni tarehe tu."

Mama mkwe akaweka kijiko chini. "Kwa hiyo ukitaka unaweza kuyaleta."

"Mama, sikiliza..."

"Si umeyaleta sasa hivi mbele yangu? Baba Neema, umemsikia mkeo?"

Mume wangu akaangalia sahani yake. "Mama Neema, mwombe mama radhi yaishe."

"Radhi ya nini?"

"Ya chochote tu."

Sikuomba. Sasa mama mkwe ametoa sharti: nisimame mbele ya jumuiya niseme nilifanya kusudi, ndipo jina la binti yake lisafike. La sivyo mtoto wangu hamshiki. Tangu hapo naenda naye kazini mgongoni, akisinzia namlaza juu ya maboksi ya karatasi. Tajiri mwenye duka amenivumilia, ila ameshasema hii siyo chekechea.

Nilimwambia mama mkwe niko tayari kupanda naye Suji, niwaeleze watu ukweli neno kwa neno. Akanijibu, "Hayo maelezo yako ataelewa nani? Sema umekosea, hilo kila mtu ataelewa." Liliniuma, maana ni kweli. Wifi naye akanitumia ujumbe: "Wifi, najua hukufanya. Ila wewe kubali tu, mimi ndiye ninayenyooshewa vidole." Nililia. Yule mtoto nimemsuka nywele tangu yuko darasa la saba.

Nimechoka, sikatai. Lakini asije mtu hapa kuniandikia "mama ni mama, piga magoti." Nitapiga magoti nikimkosea. Nikikiri kwamba nilichezea maombi ya mtu makusudi, ni nani Same hii ataniachia tena kitambulisho chake nimjazie? Na Neema amekua, anaelewa kila neno. Hatanisikia nikikiri nisilolifanya.

Kwa hiyo uongo utoeni kwenye ushauri wenu. Nataka kubaki na kazi yangu, mwanangu apate pa kushinda, na wifi yangu asinikimbie. Nyie mngekuwa mimi mngepitia njia ipi?

Na nyie wa Suji mnaosoma hapa kimyakimya: binti yule amefaulu kwa akili zake, na cheti chake nimekishika mimi mwenyewe, ni halali. Pelekeni na hayo.