Marahaba ya Bi Mwanamkuu

Mimi naitwa Firdausi, mzaliwa wa Kisarawe, na nikimchukia mtu simfichi. Kazi yangu ni kulea wazee katika nyumba ya Sista Bertha, hapa Misugusugu, Kibaha. Nyumba yenyewe ya kawaida tu: vyumba vinne, wazee sita, redio moja. Sista Bertha alikuwa muuguzi miaka mingi, na ana utaratibu wake. Kila mzee ana mlezi wake mmoja, na kila mlango umebandikwa karatasi inayosema mwenye chumba anataka nini. Mzee Fabian, chai ya rangi, na asisemeshwe mpira ukitangazwa. Mzee Eliya, aoge maji ya moto hata jua liwe kali vipi. Hapa kwetu hakuna kulishwa kwa kengele kama bweni.

Mwezi wa tatu akaletwa bibi mpya, kiharusi kimemlemaza upande wa kushoto. Nilikuwa natandika kitanda chake. Kugeuka, namwona huyo kwenye kiti cha magurudumu, na moyo ukanilipuka paa! Bi Mwanamkuu. Mama mkwe wangu wa zamani, mama yake Yahya, mwanamume wa kwanza kunioa.

Ngoja nikueleze alichonifanyia. Niliolewa kwao, kule kule Kisarawe, nina miaka kumi na tisa. Desturi ya nyumba ile, mke wa mwana akiamka anapiga goti mlangoni kwa mama mkwe, anaamkia, ndipo anashika ufagio. Mwaka wa kwanza alinijibu vizuri tu. Mwaka wa pili, kuona tumbo halijaja, akaacha kuitikia. "Shikamoo mama." Kimya. Anatafuna muhogo wake huku ananitazama. Mbele ya majirani, mbele ya wageni, mbele ya Yahya anayekunywa chai. Na Yahya hakuwahi kusema hata "Mama, umeamkiwa." Miaka miwili napiga goti, nangoja neno moja tu, silipati. Mwisho nikapewa talaka yangu, nikaja Kibaha na kapu la nguo. Huku nikaolewa na Badru, seremala, nikazaa watatu. Yahya akaoa mwingine, akaoa mwingine tena, na hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Nilipoletewa habari hizo nilicheka mpaka Badru akaniuliza kulikoni.

Sasa sikia karatasi ya mlangoni kwake ilivyoandikwa, na bintiye Naila ndiye aliyeijaza: "Mama aamkiwe kwanza kila asubuhi. Asipoamkiwa, hali." Na mlezi aliyepangiwa nani? Mimi. Nikajisemea, haya bibi, umejileta mwenyewe.

Asubuhi ya kwanza nikaingia na beseni. Nikamwosha taratibu, nikampaka mafuta, nikamgeuza asipate vidonda. Kazi yote safi, ila neno sikutoa. Nikaleta uji, nikapeleka kijiko mdomoni. Akafunga mdomo. Alinijua, yule! Macho yake yalikuwa mazima kabisa. Mimi kimya, yeye kimya, uji ukapoa nikaurudisha jikoni. Siku ya pili hivyo hivyo, na jioni akakubali maji na nusu ya ndizi. Nilisikia raha, nisikudanganye. Raha tupu.

Siku ya nne Sista Bertha akaona mashavu ya bibi yamebonyea.

"Firdausi, mbona huyu hali? Unamwamkia?"

"Nafuata karatasi, Sista." Uongo mtupu.

"Jumapili ndugu zake wanakuja. Wakimkuta hivi, nakuondoa kwake, na sijui kama nitakuweka kwa mwingine."

Hapo nikaona nimebanwa. Nikiendelea, kazi inaota mbawa. Nikimwamkia, kanishinda mara ya pili. Nikaapa, kazi na iende, mdomo wangu sifungui.

Ijumaa asubuhi nikaingia na uji. Hata sijakaa, akaanza yeye. Mdomo umekwenda upande, maneno yanatoka kwa taabu.

"Marahaba."

Nikashtuka. "Mimi sijakuamkia."

"Marahaba," akarudia. "Za Kisarawe hizo. Nilizisikia zote."

Loo! Kijiko cha uji kikanimwagikia magotini. Miaka yote nilikuwa najipa moyo, labda sauti yangu ilikuwa ndogo, labda mwenyewe ana mawazo yake. Kumbe shikamoo zangu zote alizisikia. Hasira ikanipanda upya.

"Umechelewa," nikamwambia. "Tena hapa tupo wawili tu. Ulininyima mbele za watu, na mbele za watu ndiko nitakakoitaka."

Akageuza macho kwenye bakuli.

"Jumapili," akasema. "Sasa nipe uji."

Nikampa. Akamaliza bakuli zima.

Jumapili nikamfunga kanga mpya, nikamtoa barazani. Wageni wa wazee wengine wamejaa. Mara Naila huyo, na nyuma yake Yahya, mvi zimemjaa kichwani, kashika mfuko wa machungwa. Kuniona tu, hatua zikamwishia. Sikumpa nafasi. Nina miaka hamsini na mbili na goti linaniuma, lakini nililipiga pale pale kwenye sakafu, mbele ya kile kiti, nikapaza sauti mpaka Mzee Fabian akapunguza redio.

"Shikamoo mama!"

 Nilijisemea, akinyamaza leo, nachukua mkoba wangu natoka, na sirudi tena. Bi Mwanamkuu akavuta pumzi.

"Marahaba, mwanangu Firdausi." Kila mtu alisikia. Kisha akaongeza, "Hukuwa na kosa."

Naila akajiziba mdomo. Nikainuka, nikajipangusa magoti, machozi yananitoka na wala sijali nani ananiona.

Yahya akajikohoza, akasogea.

"Shikamoo mama."

Kimya. Bi Mwanamkuu anaangalia machungwa.

Yahya akainama karibu na sikio la mama yake. "Shikamoo mama."

Kimya. Baraza zima linatazama. Akanigeukia mimi, uso umemshuka.

"Kwani mama siku hizi hasikii?"

Nikaivuta kanga, nikamfunika mama magoti, taratibu.

"Anasikia," nikamwambia. "Anazisikia zote."