Mikono ya Alhamisi

Kila Alhamisi jioni jumuiya ilikuja kumwombea fundi cherehani, na kila Alhamisi fundi alijikaza kisabuni. Maombi yenyewe aliyapenda. Kilichomtesa ni mikono. Desturi yao ilikuwa kumwekea mgonjwa mikono, na viungo vya fundi, kuanzia vidole hadi magoti, vilikuwa vimevimba miaka nenda miaka rudi. Kiganja kikitua begani kwake, aliona nyota.

Hakuwahi kusema. Watu wameacha shughuli zao, wamebanana kati ya kitanda na cherehani iliyofunikwa shuka, halafu uwaambie mnaniumiza? Alimtania tu mdogo wake aliyekuwa akimuuguza: "Leo Pasi ya Mkaa ataninyoosha mikunjo yote." Pasi ya Mkaa alikuwa mzee wa kanisa, mtu mwenye huruma nyingi na mkono mzito.

"Dada, wewe! Utanichekesha katikati ya maombi."

Alhamisi hiyo bega la kulia lilikuwa limeamka vibaya. Mzee alipoushusha mkono wake, fundi alijisikia akipiga kelele: "Toa mkono! Niacheni!"

Mzee akafumba macho, akasema taratibu, "Mmesikia? Huyo si yeye."

"Ni mimi, mzee. Bega linauma."

"Nyamaza! Hatusemi na wewe. Tunamtaka dada yetu." Hakuwa na hasira hata kidogo, machozi yalikuwa yakimtiririka.

Wakamshika wote, huyu kichwani, yule mgongoni, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kumkemea pepo. Aliyevibana viganja vyake alikuwa mdogo wake.

Fundi akaona njia imebaki moja. Akafunga mdomo, akalegea.

"Limetoka!" Wakaimba, wakapiga makofi. Mzee akamfuta jasho usoni kwa leso yake mwenyewe, kisha wakaenda zao wakiwa na furaha tele.

Mdogo wake aliwasindikiza mpaka mlangoni, akarudi uso umemng'aa. "Dada, sasa unajisikiaje?"

Neno moja tu lingetosha kumwachia furaha yake. Fundi alilitafuta, akaliacha.

"Ile sauti ilikuwa yangu, mdogo wangu," akasema. "Bwana mwenyewe alilia kwa nguvu msalabani, mbona hatusemi hakuwa yeye? Mimi miaka yote hii namlilia. Yeye anaijua sauti yangu. Nilidhani na wewe unaijua."

Mdogo wake akavitazama viganja vya dada yake. Alama za vidole vyake zilikuwa bado zimebonyea kwenye uvimbe. Akapiga magoti kando ya kitanda, akanyoosha mkono, akaurudisha, akaunyoosha tena, ukabaki unaelea hewani.

"Nikushike wapi, dada?"

Katika miaka yote ile hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Fundi akaanza kujipekua, bega, kiwiko, paja, kama anavyopekua nguo iliyochakaa akitafuta kipande kizima cha kushonea kiraka, akitamani kwa moyo wote kumpa mahali. Hakupaona.

"Kaa tu hapo karibu," akasema.

Mdogo wake akakaa sakafuni, mikono ameifumbata mapajani, wakalia bila kugusana.